5.9 mara tatu: mazungumzo kuhusu matetemeko ya Maore

(Hotuba hii niliitoa Unguja mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi. Nimeipunguza marudio na kuacha mengine kama yalivyosemwa.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, nakusalimuni nyote.

Nimeombwa nizungumzie matetemeko ya Maore, kile kisiwa cha Komoro kilicho chini ya Ufaransa, wao wanakiita Mayotte, na sababu naijua. Katika ukumbi huu sidhani kama kuna safu isiyo na mtu mwenye shangazi, mkwe au binamu Ngazija, Anzuani, Mwali au Maore. Ujumbe ukiingia usiku kwamba nyumba inatikisika tena, sisi huku ndio tunaoulizwa kuna nini. Na sisi tuna jibu letu la haraka: hayo ni mabaki tu ya lile tetemeko kubwa, yatapungua, laleni. Jibu hilo ndilo nililokuja kulichokonoa leo. Kuna pahala ni la kweli kabisa. Na kuna pahala, hasa kwenye visiwa vilivyozaliwa na volkano, linamlaza mtu wakati alipaswa kukaa macho.

Naanza na namba. 5.9. Ukubwa huo umetupata mara tatu katika eneo letu hili, ndani ya miaka kumi na moja.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 17 Julai 2007, chini ya mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania. Nairobi watu walishuka ngazi za maghorofa mbio, wakasimama barabarani wakiangalia majengo yao. Mara ya pili ni tarehe 10 Septemba 2016, Kagera. Hilo mnalikumbuka, maana Bukoba nyumba zilianguka kwa maelfu, shule zikabomoka, na watu zaidi ya kumi na tano wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mara ya tatu ni tarehe 15 Mei 2018, baharini mashariki ya Maore. Hilo lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa katika eneo la visiwa vya Komoro.

Redioni, matetemeko haya matatu yangesomwa kwa sentensi moja: tetemeko la ukubwa wa 5.9. Lakini kilichokuwa kikiendelea chini ya ardhi hakikufanana, na kilichofuata hakikufanana hata kidogo.

Tuchukue Kagera kwanza kwa sababu ndilo lile ambalo jibu letu la haraka linalifaa. Pale mwamba ulikuwa umebanwa kwa miaka mingi, ukafika mwisho wa uvumilivu wake, ukateleza kwenye ufa. Kishindo kikubwa kikatangulia. Baada ya hapo miamba ya pembeni ikaanza kujipanga upya, kama abiria kwenye daladala iliyojaa: mtu mnene wa katikati akishuka, kila mmoja husogea kidogo, huyu goti, yule bega, mpaka watulie. Kusogea huko ndiko kunakoleta matetemeko ya baadaye. Yana tabia yake, na tabia hiyo inajulikana tangu 1894, pale Mjapani Omori Fusakichi alipokaa na hesabu za mitikiso iliyofuata tetemeko kubwa la Nobi la mwaka 1891. Aliona kwamba idadi hushuka kwa mpango. Siku ya kumi unapata kama sehemu moja ya kumi ya mitikiso ya siku ya kwanza, na siku ya mia kama sehemu moja ya mia. Baadaye Markus Båth wa Sweden akaongeza lake: katika mitikiso ya baadaye, ule mkubwa kuliko yote huwa chini ya lile tetemeko kuu kwa kiasi cha 1.2 hivi. Kwa hiyo baada ya 5.9 tungetegemea mkubwa wao uwe karibu na 4.7.

Sasa hiyo tofauti ya 1.2 msiidharau. Ngazi moja katika kipimo hiki ni nguvu mara 32 hivi. Lakini nyumba iliyokwisha pata ufa haihitaji nguvu nyingi kuanguka. Ndiyo maana Bukoba watu waliambiwa wasirudi kulala kwenye nyumba zilizopasuka, na waliosema hivyo walisema kweli.

Haya, twende Maore.

Kule mambo yalianza tarehe 10 Mei 2018. Hapakuwa na kishindo kikubwa kilichotangulia. Yalianza madogo, yakaja ya wastani, kisha tarehe 15 likaja hilo la 5.9, na baada yake yakaja mengine ya 5 na zaidi, wiki hata wiki. Kumbukeni kanuni ya Båth: mkubwa wa baadaye angepaswa kuwa 4.7 au jirani yake. Hawa walikuwa wanapita hapo, tena si mmoja. Yaani mtu yeyote mwenye penseli na orodha ya namba angeweza kuona ndani ya wiki mbili tu kwamba hii haikuwa mikia ya tetemeko moja. Haikuwa na kichwa. Ilikuwa mfululizo unaojisukuma wenyewe, na mfululizo wa namna hiyo una kitu kinachousukuma. Katika kisiwa cha volkano, mtuhumiwa wa kwanza ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka huko chini ya ardhi.

Kwa nini basi ilichukua muda mrefu watu kuambiwa hivyo? Sababu moja haina fitina yoyote: mashine. Maore, kisiwa cha kilomita za mraba 374 chenye watu zaidi ya robo milioni, kilianza mwezi ule wa Mei kikiwa na mashine moja tu ya kupimia matetemeko. Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili. Moja ni jepesi, hufika mapema, nalo ndilo lile mnalolisikia kama mngurumo au mgongo wa kitanda kugongwa mara moja. La pili ni zito, linakuja nyuma, nalo ndilo linalozungusha taa na kumwaga maji ya ndoo. Pengo baina yake hukwambia umbali. Hesabu sekunde baina ya mngurumo na mtikiso, zidisha mara nane, umepata kilomita kwa makadirio. Mjomba wako wa Mamoudzou, mji mkubwa wa Maore, akihesabu sekunde tano au sita, basi jambo liko kama kilomita 40 na kitu kutoka kwake. Ndiyo, mtu yeyote anaweza kufanya hivyo kitandani, na nawaomba muwafundishe.

Ila umbali peke yake hauelezi upande. Ili upate mahali na kina, unahitaji mashine kadhaa zilizouzunguka mtikiso, na Maore upande wa mashariki ni bahari tupu. Wataalamu walitegemea vituo vya mbali, Madagascar na bara la Afrika, wakapata duara lenye kosa la kilomita nyingi. Walijua ni mashariki. Walijua ni mbali kiasi na nchi kavu, jambo lililowaokoa watu, maana 5.9 hiyohiyo ikitokea chini ya Mamoudzou tungekuwa tunazungumzia makaburi. Kina hawakukijua vizuri mpaka baada ya mashine kushushwa kwenye sakafu ya bahari, Februari 2019. Ndipo ikaonekana kwamba mitikiso ile inatoka chini sana, baina ya kilomita 20 na 50. Kwa matetemeko ya volkano hicho ni kina cha ajabu.

Sehemu inayofuata, kwangu mimi, ndiyo kiini cha mazungumzo yote. Naomba vijana mnisikilize.

Mwishoni mwa Juni 2018 mitikiso ilipungua. Watu waliokuwa wakilala nje kwenye magodoro na mikeka walianza kurudi ndani. Jibu la haraka lilionekana limeshinda: tuliwaambia, yatapungua. Na katika siku za mwanzo za Julai, wakati ule ule wa kupumua, vifaa vya GPS kisiwani vilianza kusogea. Hivi ni vifaa vilivyofungwa kwenye nguzo imara, kazi yake kujua pahala pake kwa milimita. Kifaa baada ya kifaa kilikuwa kinakwenda mashariki na kushuka chini, polepole, kila siku, na vyote vikielekea upande uleule. Kisiwa kizima kilikuwa kinavutwa kuelekea baharini na kuzama. Hatimaye kilisogea kama sentimita 20, na upande wa mashariki kikashuka karibu kiasi hicho hicho.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba magma ilikuwa imechana mwamba kwa wiki nane, na huko kuchana ndiko kulikokuwa kunatikisa nyumba. Ilipofika kwenye sakafu ya bahari na kupata mlango, haikuwa na haja ya kuchana tena. Ikamwagika. Ghala lake la chini likaanza kutoka vitu, na ardhi ya juu ikabonyea. Utulivu wa Julai ulikuwa ndio mwanzo wa mlipuko wenyewe.

Hakuna aliyeuona. Ulikuwa chini ya maji zaidi ya kilomita tatu.

Kisha ikaja tarehe 11 Novemba 2018, na hapa Kenya inaingia kwenye hadithi. Mchana ule wimbi la ajabu lilitoka upande wa Maore likaizunguka dunia. Watu wa Maore hawakulihisi. Halikuwa la kukatakata kama tetemeko la kawaida. Lilikuwa refu, laini, linapanda na kushuka mara moja kila sekunde 16 au 17, na likaendelea kwa zaidi ya dakika ishirini. Kituo kimojawapo kilicholinasa kiko Kilimambogo, karibu na Thika, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Maore. Aliyelitambua kwanza mbele ya watu hakuwa profesa. Alikuwa mpenzi tu wa matetemeko, mtu anayeangalia michoro ya vituo mtandaoni kwa raha yake, akaona mistari ya Kilimambogo imechorwa kama meno ya msumeno yaliyolingana, akaipiga picha na kuituma Twitter akiuliza hii ni nini. Wataalamu wa nchi mbalimbali wakarukia. Baadaye ikaelezwa kwamba ghala lile la magma, lililokuwa linamiminika, ndilo lililokuwa likivuma, kila paa lake linapobomoka kidogo na kulitikisa.

Ninyi mnaofundisha fizikia hapa Unguja, michoro hiyo iko wazi kwa kila mtu mwenye simu. Sijui kwa nini tunaendelea kuchora mawimbi ya kubuni ubaoni.

Mei 2019 meli ya utafiti ya Ufaransa, Marion Dufresne, ikiwa na timu iliyoongozwa na Nathalie Feuillet wa taasisi ya fizikia ya dunia ya Paris, ilipita juu ya eneo lile ikipima sakafu kwa sauti. Ramani za zamani zilionyesha pahala tambarare. Safari hii kulikuwa na mlima. Mita 820 kwenda juu, kilomita 50 mashariki ya Maore, mpya kabisa, na juu yake safu ya vitu vinavyopanda majini kwa karibu kilomita mbili. Lava iliyokuwa imemwagika mpaka siku hiyo ilikadiriwa kuwa kilomita za ujazo 5. Kwa kipimo chetu: ukiitandaza Unguja nzima, kutoka Nungwi mpaka Makunduchi, inatufunika kwa unene wa mita tatu. Hakuna mlipuko wa chini ya bahari uliowahi kurekodiwa uliotoa zaidi ya huo. Mwaka 2022 mlima ulipewa jina, Fani Maoré. Ushahidi wa mwisho wa lava mpya ni wa Januari 2021, na jumla ilikuwa imefika kama kilomita za ujazo 6.5.

Basi tangu Mei 2018 hadi Mei 2019 ni mwaka mzima. Watu wa Maore waliishi mwaka mzima wakitikiswa na mlima ambao hakuna aliyewaambia upo. Nawaomba mfikirie hali hiyo bila haraka ya kucheka uvumi uliozuka. Taarifa zilikuja kwa Kifaransa cha ofisini. Bibi wa kijijini anazungumza Kimaore au Kibushi. Mitikiso midogo aliyoihisi kwa mwili wake haikutajwa kwenye taarifa, kwa kuwa ilikuwa chini ya kiwango kilichoamuliwa kutajwa. Kwa hiyo anaambiwa leo kumekuwa na matatu, na yeye amehesabu saba. Ataamini nini? Watu wakaunda kundi lao la Facebook, likafika maelfu ya wanachama, kila mmoja anaandika saa na pahala alipohisi. Humo humo ukapita uvumi kwamba kuna watu wanachimba mafuta kwa siri, au kwamba serikali inaficha. Wapo walioudharau umma ule. Mimi naona walikuwa wanafanya kazi ya kituo cha utafiti bila mshahara, na kilichokosekana ni mtaalamu wa kukaa nao humo ndani kila usiku, kwa lugha yao, akisema hili tunalijua na hili hatulijui. Baadaye, mwaka 2019, ukaundwa mtandao rasmi wa ufuatiliaji, REVOSIMA, unaotoa taarifa kila mara. Afadhali, ingawa kwa kuchelewa.

Nirudi kwenye Gelai, lile la kwanza. Julai 2007 mitikiso ilianza tarehe 12, ikapanda hadi 5.9 ya tarehe 17, ikaendelea kwa wiki. Hiyo nayo ilikuwa magma, iliyojipenyeza chini ya Gelai kama ukuta uliosimama, ikakwama kabla ya kufika juu. Gelai haikulipuka. Lakini tarehe 4 Septemba jirani yake, Ol Doinyo Lengai, ambaye kwa miaka alikuwa akitoa lava nyepesi kwa upole, alilipuka kwa kishindo na majivu. Kwa hiyo katika 5.9 zetu tatu, moja ilikuwa ufa ulioteleza, ya pili magma iliyokwama huku jirani akilipuka, na ya tatu magma iliyofika chini ya bahari.

Mtaniuliza, na ni haki yenu: basi kila mfululizo wa mitikiso kwenye kisiwa cha volkano ni dalili ya mlipuko? Hapana. La Palma, katika visiwa vya Kanari, mitikiso ilianza kujaa tarehe 11 Septemba 2021, na tarehe 19 mlima ukapasuka, ukamwaga lava kwa siku 85 na kumeza mitaa. Siku nane tu za onyo. Lakini Santorini ya Ugiriki, Februari 2025, ilitikisika maelfu ya mara, mkubwa wao 5.3, watu zaidi ya elfu kumi wakapanda meli na ndege kuondoka, na hakuna lava iliyotoka. Ndugu zetu wa Goma mwaka 2021 walipitia yote mawili kwa wiki moja: Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, kisha mitikiso ikaendelea mfululizo chini ya mji na kuelekea Ziwa Kivu, na tarehe 27 wakaamriwa kuhama mitaa kumi. Mamia ya maelfu waliondoka kwa miguu kwenda Sake na Rwanda. Lava ya pili haikuja. Wapo waliolaumu amri ile. Mimi siilaumu hata kidogo, maana magma ilikuwa kweli chini ya nyumba zao. Kilichostahili lawama ni njaa waliyoikuta huko walikohamia.

Na Ngazija kwenyewe, ile volkano yake Karthala hatuwezi kuisahau. Mwaka 1977 lava yake ilikifuta kijiji cha Singani. Novemba 2005 ilikuwa majivu, na madhara makubwa yaliingia kwenye kisima cha mvua. Ngazija maji hayakai juu, mwamba wa volkano unayanywa, na watu wengi hutegemea matangi ya zege yanayokusanya maji ya paa. Majivu yakaanguka juu ya paa, yakaingia tangini, na watu wakakosa maji ya kunywa. Ukiwa na jamaa Ngazija na Karthala ianze kutikisika, waambie wafunike tangi na wakate bomba linalotoka kwenye paa. Hilo ni la kufanya siku hiyo hiyo, kabla hata ya kuuliza ukubwa ulikuwa ngapi.

Kwa hiyo jamaa akipiga simu, ningependa tuache kuuliza "kubwa kiasi gani?" kama swali la kwanza. Muulize lilianzaje. Kulikuwa na moja kubwa kisha madogo, au yamekuja madogo yakapanda? Yanapungua kwa mpango, au yanatulia siku tatu na kurudi kwa nguvu? Yanatokea pale pale, au taarifa zinaonyesha yanahama, yanakaribia nchi kavu, yanapanda juu? Kuhama kwa mitikiso ni jambo zito kuliko ukubwa wake. Na yakitulia ghafla, ardhi inafanya nini, inapanda au inashuka? Maswali haya majibu yake yapo kwenye taarifa za wataalamu, ila lazima mtu ayatafute, maana redio itasoma namba moja na kupita.

Maore bado inatikisika. Kuna kundi la mitikiso lililo karibu zaidi kuliko Fani Maoré, kilomita 5 hadi 15 tu mashariki ya Petite-Terre, kile kisiwa kidogo chenye uwanja wa ndege. Ni mitikiso inayotoka chini sana ardhini na mingi yake haihisiwi. Lakini kwenye sakafu ya bahari upande huo gesi inatoka, na nchi kavu pale Petite-Terre, kwenye ziwa la Dziani na ufukweni karibu na uwanja wa ndege, kaboni dayoksaidi inatoka kwa mapovu. Petite-Terre yenyewe ilijengwa na milipuko, ya mwisho wake ni ya miaka elfu chache iliyopita, na kwa volkano hiyo ni juzi. Hofu nyingine ni mteremko wa chini ya maji. Ukitikiswa vibaya ukaporomoka, wimbi lingefika pwani kwa dakika chache, muda usiotosha kungoja king'ora. Anayeishi karibu na maji na akahisi mtikiso mrefu unaomfanya ashindwe kusimama, apande juu kwa miguu yake bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Na bahari imepanda kwao kwa usiku mmoja, tuseme hivyo. Kisiwa kikishuka sentimita 15 au 20, bamvua ile ile ya zamani sasa inaingia barabarani. Huo ndio urithi wa kudumu wa matetemeko yale, na hauandikwi sana magazetini kwa sababu hautikisi chochote.

Nyumba nazo niseme kidogo. Maore wengi wanaishi kwenye vibanda vya bati juu ya miteremko. Kwa tetemeko peke yake, bati jepesi juu ya miti ni afadhali kuliko ghorofa la zege lililokorogwa kwa mchanga wa baharini na kubaniwa nondo. Kimbunga Chido cha Desemba 2024 kikaonyesha upande wa pili, vibanda vile vile vikapeperushwa. Sasa watu wanajenga upya, na wanaojenga wanakimbilia zege. Nawaogopea. Zege ni zuri likiwa na nondo za kutosha na pete zilizobana vizuri kwenye nguzo. Bila hivyo unamjengea mtu mzigo wa kumwangukia. Mafundi wetu wa hapa wanakwenda kufanya kazi huko. Mwambieni fundi wenu.

La mwisho ni swali lililoletwa kwa kikaratasi: je, Unguja? Unguja si kisiwa cha volkano, mwamba wetu ni matumbawe na chokaa, hakuna magma inayotungoja chini ya Jozani. Lakini kutikisika tutatikisika. Tarehe 12 Agosti 2020, baada ya saa mbili usiku, wengi wenu mlitoka nje. Lile lilikuwa la takribani 6, baharini kusini mashariki ya Dar es Salaam. Lile lilikuwa la aina ya Kagera, ufa ulioteleza, na kwa aina hiyo jibu letu la haraka linafaa: mitikiso ya baadaye ipo, hupungua, na usilale kwenye nyumba iliyopasuka. Ukilihisi uko ndani, shuka chini, ingia chini ya meza imara ujikinge kichwa, na usikimbilie ngazi mpaka litulie. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe mnazijua zilivyo.

Mwalimu mkuu ananionyesha saa. Nina mchoro wa Kilimambogo wa ile tarehe 11 Novemba kwenye simu hapa. Anayetaka kuuona aje mbele, na maswali tutayachukua huku chai ikimiminwa. Ahsanteni sana.